Azakosteroli: dawa ya lehemu iliyoishia kwa njiwa

Kila tunapozungumzia kolesteroli, yaani lehemu, katika kipindi cha afya, swali moja hujirudia: je, dawa za kuishusha ni salama? Leo tunaeleza habari za azakosteroli, dawa ambayo wagonjwa hawapewi tena, kwa sababu inatusaidia kulijibu swali hilo.

Ni dawa gani?

Azakosteroli ni kemikali inayofanana sana na kolesteroli yenyewe. Ilitoka katika kampuni ya G.D. Searle ya Marekani, na miaka ya 1960 ilijaribiwa kwa watu wenye lehemu nyingi kwenye damu.

Mwili hutengeneza kolesteroli kwa hatua nyingi. Azakosteroli huzuia hatua ya mwishoni, pale desmosteroli inapogeuzwa kuwa kolesteroli. Kipimo cha lehemu kilishuka, lakini desmosteroli ikarundikana mwilini. Baadhi ya wagonjwa wakapata shida ya misuli: wakikunja ngumi, kiganja hakifunguki upesi. Dawa nyingine iliyozuia hatua hiyo hiyo, triparanol, iliondolewa sokoni Marekani mwaka 1962 baada ya watumiaji kupata mtoto wa jicho na kunyonyoka nywele.

Kwa nini njiwa?

Ndege huhitaji kolesteroli kutengeneza homoni za uzazi na kiini cha yai. Kwa hiyo punje za mahindi zilizopakwa azakosteroli, kwa jina la biashara Ornitrol, ziliwekwa pale njiwa wa mijini wanapokula. Lengo halikuwa kuwaua, bali kuwazuia wasizaliane kwa miezi kadhaa.

Kasoro yake ni kwamba njiwa wazima huendelea kuishi, hivyo kundi hupungua polepole. Isitoshe, punje iliyomwagwa chini haichagui nani aile. Ornitrol nayo iliacha kuuzwa. Kazi hiyo sasa hufanywa na nikabazini, ambayo wafugaji wanaifahamu kama dawa ya koksidiosi ya kuku. Hiyo hutoka mwilini haraka, na ndege akiacha kuila, uzazi hurudi.

Tunajifunza nini?

Kushusha kipimo peke yake hakutoshi. Ni muhimu kujua dawa inazuia hatua ipi. Dawa za kundi la statini, ambazo ya kwanza, lovastatin, iliidhinishwa Marekani mwaka 1987, huzuia hatua ya mwanzoni, kwa hiyo desmosteroli hairundikani. Nazo pia zinaweza kuleta maumivu ya misuli kwa baadhi ya watu. Ukiyaona, mweleze daktari wako mapema. Usiache dawa kwa kusikia habari za dawa nyingine, hata kama umezisikia kwetu.