Kitana cha Masharubu

Septemba 2023, kwenye mnada wa Sotheby's jijini London, kitana cha fedha cha kuchania masharubu kiliuzwa pauni 152,400. Wataalamu walikuwa wamekikadiria 400 hadi 600. Ndiyo, kitana.

Kilikuwa cha Freddie Mercury, yule Farrokh Bulsara aliyezaliwa Unguja mwaka 1946. Bangili yake ya nyoka ilifika pauni 698,500. Watu hudhani ni jina tu linalouza. Wapi! Ni njia ambayo kitu kimepitia. Alipofariki 1991, Freddie alimwachia Mary Austin nyumba yake, Garden Lodge, na vitu vikabaki humo zaidi ya miaka thelathini. Nani angeuliza, "Umetoa wapi?"

Mimi nina mkanda wa gita wa marehemu babangu, aliyepiga ridhimu kwenye vilabu vya River Road. Mwaka jana jamaa mmoja anayekusanya vitu vya wanamuziki aliugeuzageuza, akauliza picha iko wapi. Picha zililiwa na mchwa kitambo. Akanipa elfu moja, "ya ngozi tu". Nikakataa.

Usiku huo nilimpigia mamangu simu, nikaanza kurekodi. Ulinunuliwa wapi, mum? Nani alikuwepo?