Mlenga shabaha wa Kisugu: vifaa vya kutangulia na vya kungojea

Tarehe 30 Julai 2024, katika uwanja wa Châteauroux nchini Ufaransa, Mturuki Yusuf Dikeç, mwenye umri wa miaka 51, alisimama na bastola ya hewa mkononi, mkono wa pili ukiwa mfukoni na machoni akiwa na miwani yake ya kila siku. Yeye na mwenzake Şevval İlayda Tarhan walitwaa medali ya fedha ya Olimpiki. Siku mbili kabla yake, Kim Ye-ji wa Korea Kusini naye alikuwa amepata fedha, lakini yeye alivaa miwani maalumu yenye kibati cha kuziba jicho moja. Picha za wawili hao zilienea katika simu za watu duniani kote na kuzua swali: ni vifaa gani ambavyo mlenga shabaha hawezi kuvikosa, na vipi ni vya nyongeza tu?

Jambo moja halikuzungumzwa sana. Dikeç, aliyesifiwa kwa kutokuwa na kitu, alikuwa na vizibo masikioni.

Kwa mkazi wa Kisugu, swali hilo lina uzito wa pekee. Kisugu, katika Divisheni ya Makindye jijini Kampala, imebanwa kati ya Kabalagala, Namuwongo na mlima wa Muyenga. Wengi huishi katika chumba kimoja cha kupanga, muzigo, ambapo ukuta wa mmoja ndio ukuta wa jirani, na watoto wa nyumba tano hucheza katika ua mmoja. Anayetaka kuushiriki mchezo huu akiwa hapo hununua vifaa kwa ajili yake na pia kwa usalama wa ua mzima.

Kibali kwanza, silaha baadaye

Sheria ya Silaha ya Uganda ya mwaka 1970 inamtaka mtu anayemiliki bunduki awe na cheti kinachotolewa kupitia polisi. Cheti hicho hakihamishwi kwa mdomo. Kumwazima rafiki bunduki, hata kwa siku moja ya mashindano, ni kumwingiza yeye na mwenye mali katika hatari ya mashtaka.

Nchi nzima imekuwa na hadhari kubwa kuhusu silaha. Baada ya mbunge Ibrahim Abiriga kuuawa kwa risasi mwezi Juni 2018, Rais Yoweri Museveni alitangaza bungeni hatua za usalama, mojawapo ikiwa ni kuzitia alama bunduki zote ili ijulikane risasi imetoka katika bunduki ipi. Uganda pia imo katika Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, inayozifunga nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika kudhibiti silaha ndogo.

Kwa hiyo kosa kubwa la anayeanza ni kuagiza bunduki ya hewa kutoka ng'ambo kwa kudhani kuwa ni kitu cha kuchezea, kisha kuitetea mbele ya maofisa wa forodha. Bunduki ya hewa ya mashindano ina umbo la silaha na inaweza kujeruhi vibaya. Swali kwa polisi hutangulia malipo, na jibu lake lafaa kuwa la maandishi. Mwenye busara hujiunga kwanza na klabu au kundi lenye kibali na uwanja, akatumia silaha yao chini ya mkufunzi, huku akinunua vile vifaa visivyohitaji cheti. Vifaa hivyo ndivyo vinavyolinda mwili.

Masikio hayana akiba

Mlio wa bunduki nyingi hupita desibeli 140, kiwango ambacho wataalamu wa afya kazini hukihesabu kuwa chaweza kudhuru sikio kwa mlio mmoja tu. Chembe za ndani ya sikio zinazopokea sauti hazioti tena zikishakufa. Anayetoka uwanjani akisikia mvumo masikioni amekwisha kupata onyo, hata kama mvumo huo utatulia kesho yake.

Kinga ziko za aina mbili: vizibo vinavyoingizwa ndani ya sikio, na vifuniko vinavyovaliwa kichwani. Kizibo cha sponji kina namna yake ya kuvaliwa. Husokotwa kwa vidole mpaka kiwe chembamba, sikio likavutwa juu na nyuma kwa mkono wa pili, kizibo kikaingizwa na kushikiliwa hadi kijae. Kikiachwa nje nusu, kinga yake hupungua sana. Kwa bunduki zenye mlio mkubwa, aina zote mbili huvaliwa pamoja. Hata hivyo, viwango vyao havijumlishwi: kinga ya pili huongeza takriban desibeli 5 tu juu ya ile iliyo bora zaidi.

Vipo pia vifuniko vya umeme vinavyozima mlio na kupitisha maneno ya watu. Vinamfaa mkufunzi na anayejifunza, kwa kuwa amri za uwanja husikika. Lakini kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Mchezo wa Kulenga Shabaha, ISSF, haziruhusu wachezaji kuvaa kinga zenye kipokea sauti wakati wa shindano. Mtu asitumie fedha nyingi hapo kabla hajajua atashindana katika mchezo upi.

Macho

Miwani ya kinga huzuia kipande cha shabaha kilichorudi nyuma, ganda la moto na chembe za baruti. Miwani ya jua ya sokoni haitoshi, kwani kioo chake chaweza kuvunjika na kuwa hatari ya pili. Inayofaa hutengenezwa kwa plastiki ngumu isiyopasuka, hufunika pembeni, na huwa na alama ya kiwango cha usalama, kama vile Z87.1 ya Marekani au EN 166 ya Ulaya. Anayevaa miwani ya daktari huvaa nyingine pana juu yake.

Kibati cha kuziba jicho, kama alichovaa Kim, kazi yake ni kuliondolea jicho uchovu wa kujikunja. Anayeanza anaweza kupata nafuu hiyo hiyo kwa kubandika karatasi nyeupe isiyopenyesha picha kwenye kioo cha jicho asilotumia kulengea.

Vipimo vya bastola na bunduki ya hewa

Katika mchezo wa mita 10, risasi ni ndogo, za kipenyo cha milimita 4.5. Bastola ya hewa haipaswi kuzidi kilo 1.5, na kifyatulio chake lazima kihimili uzito wa gramu 500 kabla ya kuachia. Bunduki ya hewa haizidi kilo 5.5. Alama ya kumi ya bastola ina upana wa milimita 11.5, ilhali ya bunduki ni nukta ya nusu milimita.

Vipimo hivyo vina somo ndani yake. Chupa ya maji ya lita moja na nusu, inayouzwa katika kila duka la Kisugu, ina uzito wa kilo 1.5, sawa na bastola nzito kuliko zote zinazoruhusiwa. Anayeweza kuinyoosha chupa hiyo mbele yake kwa sekunde 15 bila mkono kutetemeka, akapumzika na kurudia mara 30, ameanza mazoezi ya kweli bila silaha yoyote nyumbani. Asiyeweza hatasaidiwa na bastola ya bei kubwa.

Wakati wa kununua ukifika, kinachotazamwa kwanza ni mpini kuukaa mkono. Mpini mkubwa kuliko kiganja humfanya mtu akaze vidole, na kidole kilichokazwa huvuta mtutu pembeni. Rangi na jina la kiwanda vije mwisho.

Koti gumu la turubai na ngozi, glavu nene na suruali maalumu hutumiwa na walenga shabaha wa bunduki, si wa bastola. Mavazi hayo huupa mgongo utulivu, na ndiyo maana kanuni huyawekea mipaka: kitambaa kisizidi milimita 2.5 kwa unene. Koti la mitumba laweza kufaa kwa mazoezi, ila lipimwe kabla ya kuvaliwa mashindanoni. Viatu vyenye soli bapa vyatosha kwa mwaka wa kwanza.

Mtungi wa hewa: hatari isiyojulikana

Bunduki nyingi za hewa za kisasa hutumia mtungi mdogo unaojazwa hadi kipimo cha baa 200 au zaidi. Pampu ya gereji ya kujazia matairi haifiki hata karibu na hapo. Kinachojazwa ni hewa safi na kavu, kwa kompresa ya shinikizo kubwa au mtungi wa wapiga mbizi.

Oksijeni haijazwi kamwe, iwe ya mchomelea vyuma au ya hospitali. Oksijeni yenye shinikizo ikikutana na grisi au mafuta yaliyo ndani ya bunduki yaweza kulipuka usoni mwa mtumiaji. Aidha, kila mtungi una tarehe ya mwisho iliyopigwa na kiwanda juu yake, na wajibu wa kuiangalia ni wa mchezaji mwenyewe. Mtungi wa bei rahisi uliopitwa na tarehe hiyo si nafuu hata kidogo.

Risasi ni jina la sumu pia

Kiswahili hutumia neno moja, risasi, kwa kile kinachotoka mtutuni na kwa madini mazito yanayokitengeneza. Madini hayo ni sumu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio wanaoumia zaidi kwa kuwa huathiri ukuaji wa ubongo.

Vumbi lake hubaki mikononi na katika nguo. Kwa hiyo uwanjani hakuliwi wala hakuvutwi sigara, mikono huoshwa kwa maji na sabuni kabla ya kugusa chakula, na nguo za mazoezi huvuliwa kabla ya kumbeba mtoto. Katika chumba kimoja cha Kisugu, nguo hizo hutunzwa katika mfuko wao na kufuliwa peke yake. Mfuko na sabuni hugharimu shilingi chache, lakini humlinda mtoto kuliko kifaa kingine chochote kilichotajwa hapa.

Kuhifadhi na kusafirisha

Kampala iko karibu na Ziwa Victoria na hupata misimu miwili ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Desemba. Unyevu huo hula chuma. Bunduki iliyoachwa katika begi lenye sponji hushika kutu kwa sababu sponji hukaa na maji. Baada ya mazoezi mtutu hupanguswa, ukapakwa mafuta kidogo kwa kitambaa, na silaha ikawekwa katika kabati la chuma pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Kabati hufungiwa ukutani kwa boliti, na risasi huwekwa mahali pengine penye kufuli lake. Ufunguo haufichwi juu ya mlango, kwani watoto hujua maficho yote ya nyumba.

Ambaye hana ukuta imara wala chumba cha kufungika ana jibu moja tu: silaha ibaki katika ghala la klabu au mahali palipoidhinishwa na polisi. Hata kujizoeza kufyatua bila risasi, zoezi linalosifiwa na wakufunzi wengi, halifai katika ua wa watu. Jirani akiona mtutu dirishani hatauliza kama ni mchezo.

Njiani, silaha huwa tupu, imefungwa katika kasha lisiloonyesha umbo lake, na kibendera chembamba cha usalama cha rangi ya chungwa kimepitishwa ndani ya mtutu kuthibitisha kwamba haina kitu. Cheti hutembea nayo. Bodaboda si chombo chake, kwa kuwa ajali moja katika Barabara ya Ggaba yaweza kuliacha kasha mikononi mwa asiyejulikana. Kwa ndege, silaha hutangazwa kwa shirika mapema na kusafiri katika mizigo ya chini, huku risasi zikifungwa katika kifungashio chao na kwa kawaida zisizidi kilo 5 kwa abiria. Kibali cha kutoka Uganda hakitoshi, lazima kiwepo pia cha nchi ya kufikia, na cha kila nchi ya kupitia inayokidai.

Mpangilio wa matumizi

Kwa mwenye fedha kidogo, utaratibu unaofuata humwepusha na hasara:

1. Vizibo vya masikio na miwani ya kinga.
2. Ada ya klabu na ya mkufunzi.
3. Sabuni, mfuko wa nguo za mazoezi na chupa ya maji ya kujizoezea.
4. Cheti, kabati la chuma na kufuli.
5. Silaha yenyewe, baada ya kuzijaribu kadhaa za klabu.
6. Koti, glavu na miwani maalumu, kama mchezo uliochaguliwa unavihitaji.

Wanaoanza kwa namba tano hujikuta na silaha isiyo na mahali pa kulala. Wanaoanza kwa namba moja, hata wakiacha mchezo baada ya miezi mitatu, watakuwa na masikio yao na macho yao, na jirani zao hawatakuwa na la kulalamikia.