Kanuni Isiyotangazwa: Historia Fupi ya Dhana Moja ya Michezo ya Video

Mfasiri wa maandishi yahusuyo michezo ya video hukuta dhana moja isiyokaa vyema katika maneno tuliyo nayo. Si sheria, kwa kuwa sheria hutangazwa kabla ya mchezo kuanza. Wala si mbinu, kwa kuwa mbinu ni mali ya mchezaji. Ni namna mchezo wenyewe unavyoitikia tendo la mchezaji. Kabla ya kuipa jina, yafaa tutazame historia yake.

Mwaka 1978 kampuni ya Taito ya Japani ilitoa mchezo wa Space Invaders, uliobuniwa na Tomohiro Nishikado. Maadui 55, katika safu 5 za maadui 11 kila moja, huteremka polepole kumwelekea mchezaji. Kadiri wanavyopungua ndivyo waliosalia wanavyokwenda kasi, hata yule wa mwisho huwa mgumu kulengwa. Asili ya kasi hiyo ilikuwa udhaifu wa mashine: prosesa ililemewa na kazi ya kuchora maadui wengi, na walipopungua, mzigo wake nao ukapungua. Nishikado aliona kuwa jambo hilo lanogesha mchezo, akaliacha.

Jambo la namna hiyo lilitokea tena katika Street Fighter II, mchezo wa kampuni ya Capcom wa mwaka 1991. Mmoja wa waundaji wake, Noritaka Funamizu, alipokuwa akikagua sehemu ya kuvunja gari, aligundua kwamba mapigo yaweza kuunganishwa bila mwanya. Alidhani ni watu wachache watakaoyaweza, akayaacha yamefichika. Wachezaji waliyagundua, wakayafanyia mazoezi. Na ilipofika mwaka 1993, Super Street Fighter II ikawa inayahesabu na kuyatolea pointi.

Hapa ndipo ugumu wa mfasiri ulipo. Akiandika "hitilafu", atakuwa amekitaja chanzo na kulisahau tunda. Akiandika "sheria", atadai kuwa palikuwa na mtu aliyeitunga. Katika mfano wa pili, jambo lile lile lilianza kuwa ajali, likawa mbinu, na mwishowe likawa kanuni yenye malipo.

Wacheza bao wa pwani yetu wamekwisha kutuonyesha njia. Wao huyataja mambo ya mchezo kwa vitenzi: hunamua, hutakasa. Jina hulifuata tendo, wala halimwulizi mtungaji alikusudia nini.

Kwa kuufuata mfano huo, twapendekeza "kanuni tendaji" kwa dhana hii kwa jumla, na "mapigo mfululizo" kwa ile ya mwaka 1991. Neno "sheria" libaki kwa yale yaliyotangazwa, na "mbinu" kwa ujuzi wa mchezaji. Walimu na wafasiri wayapime maneno haya katika kazi zao, kwani istilahi hukubalika kwa kutumiwa.