Barua, Vifurushi na Ndege Isiyovunjika

Tarehe 28 Februari 1931 ndege ya shirika la Imperial Airways iliondoka uwanja wa Croydon, London, kuzindua huduma ya barua ya kila wiki ambayo kituo chake cha mwisho kilikuwa Mwanza. Ndiyo, Mwanza hii hii ya mawe, si Nairobi wala Dar es Salaam. Abiria waliishia Khartoum; mifuko ya barua iliendelea kwa ndege kubwa za majini aina ya Short Calcutta, zilizotua ziwani kama bata. Mapema mwaka uliofuata njia ilirefushwa hadi Cape Town, ikapitishwa Nairobi, Dodoma na Mbeya. Mwanza ikaachwa pembeni.

Nimeanza na barua kwa sababu barua ndizo zilizoifanya dunia ichukulie kwa uzito wazo la kujifunza kuruka ukiwa umekaa chini. Huko Binghamton, Marekani, kijana Edwin Link alikuwa amekulia katika kiwanda cha baba yake cha piano na vinanda vya kanisani. Mwishoni mwa miaka ya 1920 alichukua mivukuto ya vinanda hivyo, ile inayosukuma hewa ili filimbi zilie, akaifunga chini ya kijindege cha mbao. Ukivuta usukani, kijindege kinainama. Wanajeshi hawakukijali. Wanunuzi wake wa mwanzo walikuwa wenye viwanja vya burudani, watoto wakapanda kwa kulipia.

Kisha mwaka 1934 jeshi la Marekani likapewa kazi ya kusafirisha barua kwa ndege. Marubani wake hawakuzoea kuruka usiku, ndani ya mawingu, kwa kutazama saa za ndani ya ndege peke yake. Zaidi ya kumi walikufa katika miezi michache. Hapo jeshi likamkumbuka yule mtoto wa fundi vinanda, likanunua mashine zake sita, kila moja kwa dola 3,500. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, wanaanga zaidi ya 500,000 walikuwa wamepita ndani yake.

Ndege za rimoti zina ukoo wake. Mwaka 1937 mapacha wawili wa Kalamazoo, Walter na William Good, walirusha kijindege chao kwa mawimbi ya redio; leo kiko katika makumbusho ya Smithsonian. Simuleta za kompyuta za ndege hizi zilichelewa sana. RealFlight ilitoka 1997, na miaka hiyo hiyo Wajerumani wakatoa FMS, programu ya bure iliyosambaa duniani kote kutoka mkono hadi mkono.

Simuleta ya ndege ya rimoti haikuweki ndani ya ndege. Inakusimamisha chini, mahali pamoja, ukiitazama ndege ikipungua hadi kuwa nukta. Ndivyo ilivyo uwanjani pia, na ndipo shida ilipo. Ndege ikienda mbali nawe, kulia kwake ni kulia kwako. Ikigeuka kuja kwako, mambo yanapinduka: unasukuma kijiti kulia, nayo inainamia kushoto kwako. Akili inalijua hilo kwa dakika moja. Vidole vinahitaji wiki. Wakongwe hukufundisha hila: ndege ikija, sukuma kijiti upande wa bawa lililoshuka, kama unayeliwekea mgongo. Mgeni akisahau hilo kwa sekunde mbili, ndege iko ardhini. Kwenye skrini unabonyeza kitufe kimoja, ndege inarudi mzima. Kwa wenzetu wenye duka la vipuri mtaa wa pili, kitufe hicho ni cha kuokoa muda. Kwa mwanafunzi wa Mwanza anayeagiza injini na betri kutoka China na kusubiri, ndicho kinachoamua kama atajifunza au hatajifunza.

Mwaka 2018 ziwa lilipata tena ndege za mizigo. Kampuni ya DHL, pamoja na Wingcopter na shirika la GIZ la Ujerumani, walirusha droni ya dawa kati ya Mwanza na Ukerewe: kilomita 60 juu ya maji kwa dakika 40 hivi, wakati njia ya barabara ni kilomita 240. Mwezi Septemba mwaka huohuo MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara, wakafa watu zaidi ya 200. Hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini visiwa vinatamani njia nyingine. Mwishoni mwa Oktoba wataalamu wa droni walikutana Mwanza, wakarusha hadi kisiwa cha Juma. Mashindano makubwa ya kuruka yaliyofuata yalifanyika Februari 2020, Ziwa Kivu, Rwanda.

Pembeni tena, nilijiambia nilipoziweka tarehe hizi kando ya zile za 1931 na 1932. Lakini ulinganisho huo una kasoro. Katika safari ya kwanza hapakuwa na njia ya kijana wa Mwanza kushika usukani. Sasa ipo, ingawa ni nyembamba: kompyuta mpakato iliyochoka, rimoti ya mkono wa pili, kebo. Kanuni za Mamlaka ya Usafiri wa Anga zinadai kibali kabla ya kurusha chochote. Kuruka kwenye skrini hakuna kibali, hakuna ushuru, na kukikatika umeme unapoteza dakika chache tu.

Haifundishi kila kitu. Haina mwewe wanaoshambulia bawa jeupe, wala mng'ao wa ziwa saa tisa unaoimeza ndege mzima mzima. Haitetemeshi mikono. Upepo, hata hivyo, unaweza kuupanga. Rafiki zangu wawili wa Nyegezi wameuweka utoke ubavuni, wenye nguvu, kama unavyotoka ziwani kila alasiri. Kipande cha ardhi walichokiombea ruhusa kimelala sambamba na ufuko, kwa hiyo kila watakapotua watakuwa wanasukumwa kuelekea nchi kavu. Wiki hii, kati ya kutua kumi, wanavunja nne.