Kilichoupa Mchape Nguvu

Katika Dungeons & Dragons, mchezo uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapishwa Marekani mwaka 1974, uchawi hukua pamoja na mwenye kuufanya: kila apandapo daraja, moto anaourusha huunguza zaidi. Nguvu yote imo ndani ya mtu mmoja. Historia ya uganga wa Malawi inafundisha vingine. Dawa ilipata nguvu kwa wingi wa watu waliokubali kuinywa, na ushahidi mkubwa ni mchape, dawa ya kunywa ya kuondoa uchawi. Sheria ya kikoloni ya mwaka 1911 ilikuwa imepiga marufuku kumtaja mtu kuwa mchawi na kumpima kwa sumu ya mwavi, lakini hofu ya uchawi ilibaki vijijini bila pa kwenda. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 wakatokea vijana waliovaa nguo za kizungu, wakisema dawa yao imetoka kwa Kamwende wa Mlanje, kusini mwa Malawi. Mwanaanthropolojia Audrey Richards, aliyeandika juu yao mwaka 1935, aliwakuta mbali na Mlanje, kwa Wabemba wa Rhodesia Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia. Walipanga wanakijiji mistari, wakawatazama kwa kioo kidogo, wakadai pembe za uganga, kisha wakawanywesha. Mwavi uliua, mchape ulimrudisha mshukiwa kwa jirani zake. Kijiji kimoja kikishakunywa, cha pili kilichokataa kilijitia mashakani chenyewe. Hivyo ndivyo dawa ilivyokua, kijiji baada ya kijiji.

Atasema mtu kwamba siri ilikuwa mganga mwenye kipaji. Mbona basi vijana wale walikuwa wageni wasio na sifa popote walipofika? Tazama pia vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani, ambako maji ya dawa yaliaminiwa kuwakinga wapiganaji na risasi. Wajerumani walimnyonga Kinjikitile Ngwale, mganga aliyeyatoa maji hayo, tarehe 4 Agosti 1905, na tarehe 30 mwezi huohuo bunduki za rashasha ziliwafyeka wapiganaji huko Mahenge. Hata hivyo Wangoni waliingia vitani baada ya hapo. Mwenye dawa alikuwa amekufa, maji yameshindwa na risasi, na bado yaliunganisha watu ambao hapo awali hawakuwa na jeshi moja.

Wengine watasema huu ni udanganyifu mtupu. Pingamizi hili ni zito, na mwaka 1995 unalipa haki yake. Billy Chisupe, karibu na Liwonde, aligawa bure mchape wa kutibu UKIMWI, na umati mkubwa ukamiminika kwake kutoka pande zote za Malawi. Wingi ule haukumponya mgonjwa; tumaini la kweli lilipanuka tangu 2004, serikali ilipoanza kutoa bure dawa za kufubaza virusi. Kwa hiyo tutenganishe mambo mawili. Umma unaweza kuipa dawa nguvu ya kupatanisha majirani na kuunganisha makabila, kwa sababu uhasama na umoja ni kazi ya watu wenyewe. Risasi na virusi havingoji kuaminiwa, na anayewaahidi wagonjwa kwamba imani ya wengi itavishinda anawapotezea siku wanazozihitaji hospitalini.