Gitaa Lililotoka Lusaka

Siku hizi ni vigumu kupata kituo cha redio nchini kisicho na kipindi chake cha zilipendwa. Mtangazaji, ambaye mara nyingi hakuwa amezaliwa wakati nyimbo anazopiga zilipokuwa mpya, hufungua simu, na wazee wenzangu huanza kupiga kutoka Tabora, Tanga na Songea kueleza jinsi walivyosakata dansi miaka ya 70. Hutajwa NUTA Jazz, Western Jazz, Dar es Salaam Jazz, na Afro 70 ya marehemu Patrick Balisidya. Marehemu Mbaraka Mwinshehe hutajwa kuliko wote, na hiyo ni haki yake. Husikiliza kwa furaha, maana nyimbo hizo ni zangu pia. Hata hivyo, mtu aliyefundisha historia kwa zaidi ya miaka thelathini hana budi kuuliza maswali hata anapostarehe, na swali langu ni hili: mbona hakuna anayepiga simu kuikumbuka rock?

Tuliisikiliza. Nalisema hili kwa sababu anayefuata vipindi hivyo peke yake ataamini kwamba kijana wa Tanzania wa mwaka 1975 aliishi kwa rumba tu, na kwamba lile gitaa la umeme lenye kukoroma na kulia kama mnyama aliyenaswa lilikuwa jambo la Wazungu. Sivyo. Kwetu lilikuja kwa lafudhi ya Kiafrika, na halikutoka London wala Marekani moja kwa moja. Lilitoka Lusaka.

Wakati huo nilikuwa mkufunzi kijana katika chuo kimoja cha ualimu kwenye Nyanda za Juu Kusini. Chuoni petu Radio Tanzania ilisikika vizuri mchana, lakini usiku, hasa miezi ya baridi, ukisogeza mshale kidogo tu kwenye masafa mafupi, Zambia iliingia kama vile inatangazwa kutoka bonde la pili. Bweni la wanaume lilikuwa na redio moja ya National, mali ya mwanachuo mmoja kutoka Mbozi, na betri zake zikichoka zilianikwa juani juu ya bati la jiko hadi zipate nguvu ya kumalizia wiki. Wanachuo wa mpakani, Wanyamwanga kwa mfano, ambao ndugu zao wako pande zote mbili, walielewa Kibemba na kuwatafsiria wengine. Nyimbo nyingi hata hivyo zilikuwa kwa Kiingereza, na zilipopigwa bweni zima lilinyamaza.

Ili mambo yaeleweke ni lazima nirudi nyuma kidogo. Redio ya Lusaka ilikuwa na historia ndefu ya kuwahudumia Waafrika kuliko tunavyofikiri. Katika miaka ya 40, afisa habari wa serikali ya kikoloni, Harry Franklin, alitambua kwamba hakuna maana ya kutangaza kwa lugha za wenyeji ikiwa wenyeji hawamudu kununua redio. Alihangaika kutafuta kiwanda cha kutengeneza redio ndogo ya betri, na mwaka 1949 ikapatikana. Iliundwa ndani ya bakuli la aluminiamu lililofanana na sufuria, nayo ikapewa jina la sufuria hiyo hiyo kwa Kiingereza. Bei yake ilikuwa pauni 5. Kwa kibarua hizo hazikuwa fedha ndogo, lakini mchimbaji wa shaba aliweza kuzidunduliza. Sauti mojawapo iliyopendwa sana humo ilikuwa ya Alick Nkhata, mtangazaji, mwimbaji na mpiga gitaa, aliyeuawa mwaka 1978 katika shambulio la majeshi ya Rhodesia ndani ya Zambia. Kwa hiyo kijana wa Kitwe au Ndola wa mwaka 1970 alikuwa amelelewa nyumbani mwenye redio, na mara nyingi nyumbani mwenye mshahara wa mgodi.

Mshahara huo ndio uliozaa rock ya Zambia, ambayo leo inajulikana kwa jina la Zamrock. Shaba ilikuwa na bei nzuri, na iliiletea nchi karibu fedha zake zote za kigeni. Santuri za Jimi Hendrix, James Brown na Rolling Stones ziliuzwa katika miji ya migodi, na vijana waliweza kununua magitaa ya umeme na vile vifaa vya kukanyaga kwa mguu vinavyolifanya gitaa likwaruze. Rais Kaunda, ambaye mwenyewe alipenda kupiga gitaa na kuimba mbele ya watu, alitaka redio ya taifa iache kuabudu muziki wa nje. Wanamuziki wa wakati huo wamesimulia mara nyingi kuhusu agizo lake kwamba muziki wa redioni uwe wa Kizambia kwa asilimia 95. Nadhani wengi walitegemea kwamba agizo la namna hiyo lingeleta ngoma za jadi. Badala yake vijana walichukua gitaa la Hendrix, wakalitia midundo ya kwao, na kwa kuwa sasa lilikuwa limepigwa na Mzambia, redio ikalazimika kulipiga.

Bendi iliyotutia wazimu zaidi ilikuwa WITCH. Jina hilo kwa Kiingereza ni mchawi, lakini wenyewe walieleza kwamba ni herufi za mwanzo za maneno yenye maana ya "tumekusudia kuleta vurugu". Mwimbaji wao, Emmanuel Chanda, alijiita Jagari kwa kumuiga Mick Jagger wa Rolling Stones. Walikuwapo pia Amanaz. Musi-O-Tunya ya Rikki Ililonga, iliyopata kupiga na kurekodi Nairobi. Na Paul Ngozi, ambaye gitaa lake lilikuwa kali na maneno yake ya mitaani kabisa. Mwaka 1975 peke yake zilitoka santuri ndefu "Lazy Bones!!" ya WITCH na "Africa" ya Amanaz. Mwaka huo huo mafundi walikuwa wakikamilisha reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Watu wanaikumbuka reli hiyo kwa mbolea na shaba. Mimi naikumbuka pia kwa santuri zilizokuwa zikishuka Mbeya ndani ya mabegi ya wafanyakazi, zimefungwa katika mashati ili zisipasuke.

Hapo chuoni hatukuwa na vifaa vya kukwaruza sauti. Tulikuwa na magitaa mawili makavu ya bendi ya chuo na kipaza sauti kimoja cha mikutano. Mwanachuo mmoja, aliyekuwa hodari sana wa Sayansi, alichukua spika ya redio iliyokufa, akaitoboa karatasi yake kwa sindano ya kushonea magunia, akaiunganisha, na gitaa likakoroma. Halikukoroma kama la Paul Ngozi, lakini lilikoroma kiasi cha kumwamsha mkuu wa chuo wa wakati ule.

Jambo hilo lilileta maneno. Tusisahau hali ya siasa ilivyokuwa. Mwaka 1968 ilitangazwa Operesheni Vijana, na kuanzia Januari 1969 sketi fupi, mawigi na suruali za kubana zilipigwa vita jijini Dar es Salaam. Novemba mwaka huo huo, Mkuu wa Mkoa wa Pwani alipiga marufuku muziki wa soul. Mtu aliyevaa bugaluu na raizoni alitazamwa kama ametumwa na mabeberu. Hivyo niliitwa, nikiwa mkufunzi wa zamu, nikaagizwa niandike taarifa kuhusu wanachuo wanaosikiliza stesheni ya nje baada ya taa kuzimwa. Niliandika kwamba wanachuo husikiliza matangazo ya nchi ndugu ya mstari wa mbele, na kwamba kwa njia hiyo wamepata habari nyingi za mapambano ya ukombozi wa Rhodesia. Yote mawili yalikuwa kweli. Taarifa ilipokelewa, redio ikabaki bwenini.

Lakini lingekuwa kosa kudhani kwamba Tanzania haikuwa na rock yake. Jijini Dar es Salaam kulikuwa na Sunburst, kundi la vijana kutoka nchi zaidi ya moja ya Afrika, James Mpungo akiwa mwimbaji. Walichanganya rock, soul na midundo ya kienyeji, na mtindo wao wakauita kitoto. Radio Tanzania haikuwafungia mlango. Iliwaingiza studio na kuwarekodi, kama ilivyofanya kwa bendi za dansi. Tatizo lilikuwa kwamba hapa hatukuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri. Bendi iliyotaka santuri ilitegemea Nairobi, na mpaka wa Kenya ulifungwa mwaka 1977, mwaka ule ule Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika. Sunburst walikwisha kutazama upande mwingine. Walikwenda Zambia, na huko ndiko walikorekodi santuri yao ndefu, "Ave Africa", mwaka 1976. Haukupita muda mrefu kundi likasambaratika.

Niongeze jambo moja kwa kupita tu. Mtoto wa ardhi yetu aliyepata umaarufu kuliko wanamuziki wote wa rock niliowataja alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, na familia yake ikahamia Uingereza mwaka 1964. Ulimwengu ulimjua kama Freddie Mercury wa Queen. Katika miaka ile ya 70 sikuwahi kumsikia mtu yeyote chuoni akimtaja, wala sikujua habari za kuzaliwa kwake Zanzibar hadi alipofariki mwaka 1991.

Narudi kwenye swali langu. Watu wa rock wamekwenda wapi katika kumbukumbu za redio? Jibu moja ni la kawaida: kipindi cha zilipendwa hupiga kilichomo ghalani. Radio Tanzania ilitunza maelfu ya kanda, nyingi zikiwa za bendi za dansi, kwaya, taarabu na ngoma, na nashukuru Mungu kwamba ilifanya hivyo. Nyimbo tulizozipata usiku kutoka Lusaka hazikuwa katika ghala letu. Zilikuwa hewani, na asubuhi hazikuwapo. Tena baada ya vita vya Uganda ilikuja miaka ya uhaba, ambapo betri lilitafutwa kama dawa na waya wa gitaa ulikuwa hadithi. Huko Zambia nako bei ya shaba ilikuwa imekwisha kuanguka tangu katikati ya miaka ya 70, na vijana wakahamia kwenye disko.

Jibu la pili ni zito zaidi. Wale waliopaswa kukumbuka, wengi wamekufa. Paul Ngozi alifariki mwaka 1989. Wanamuziki wa WITCH wa enzi ya Jagari wamekwisha wote isipokuwa Jagari mwenyewe, na inajulikana kwamba UKIMWI ulivikomba vizazi vya wanamuziki wa Zambia katika miaka ya 80 na 90. Jagari alifundisha muziki, halafu akaingia machimboni kutafuta vito. Sisi walimu tunazifahamu hesabu hizo. Barabara ya Tunduma ilikuwa barabara ya malori, na katika picha ya darasa langu la mwaka 1976 nimeweka alama ndogo ya penseli juu ya kila aliyetangulia. Mwenye redio ya National ana alama. Aliyetoboa spika naye ana alama, tangu mwaka 1994. Hao wangepiga simu wangekuwapo.

Waliobaki tunakutana mara chache, wastaafu sita au saba, na tukikutana hubishana. Mmoja anaapa kwamba alisikia wimbo wa WITCH redioni akiwa kidato cha pili, mwaka 1967. Haiwezekani, kundi hilo ni la miaka ya 70. Nilimwuliza wakati huo alikuwa akisikilizia wapi, akasema kwenye redio ya kaka yake aliyekuwa kibarua wa TAZARA. Ujenzi ulianza mwaka 1970. Basi tukaipata tarehe yake, au karibu nayo, kwa kupitia kaka badala ya kupitia wimbo. Nimegundua kwamba watu hukosea mwaka lakini hawakosei redio: ilikuwa ya nani, ilikaa wapi, nani alishika mshale, betri zilitoka duka gani. Wanafunzi wangu wa zamani wanaofundisha historia huwaambia waanzie hapo.

Jambo la ajabu ni kwamba wakati sisi tumesahau, wageni wamekumbuka. Mwaka 2012 kampuni moja ya Marekani ilitoa upya santuri za WITCH. Mwaka 2016 kampuni ya Uingereza ilitoa kazi zote za Sunburst, zikiwamo zile walizorekodi katika studio ya Radio Tanzania, ambazo hazikuwa zimepata kutolewa. Jagari ameunda upya kundi akiwa mzee kama mimi, amezunguka Ulaya na Marekani, na mwaka 2023 wakatoa santuri mpya. Mjukuu wangu alinisikilizisha Sunburst kwa simu yake akidhani ananionyesha kitu kigeni. Nilimwimbia kiitikio kabla mwimbaji hajakifikia, akaniangalia sana.

Sasa nina daftari. Kila ninapokutana na mtu wa umri wangu kutoka Mbozi, Tukuyu au Sumbawanga, humwuliza redio yao ilikuwa ya aina gani na usiku mshale waliuweka wapi. Nimefika ukurasa wa arobaini na mbili. Mwezi uliopita mama mmoja, muuguzi mstaafu, alinitolea sandukuni "Lazy Bones!!" ambayo marehemu mumewe alikuja nayo kutoka Kitwe, gamba lake limeliwa na panya pembeni, santuri yenyewe haina hata mkwaruzo. Gramafoni hana, nami sina. Tumekubaliana aendelee kuitunza humo humo, kati ya kanga, hadi nipate mtu wa Mbeya mjini mwenye mashine ya kuipiga.