Kutoka Kuhesabu Amri hadi Kupima Muda: Historia ya Tatizo la Ucheleweshaji katika Programu za Asembli, kwa Kurejelea Ilala, Dar es Salaam

Insha hii inajadili historia ya tatizo moja la utunzi wa programu za kompyuta. Programu ya lugha ya asembli iliyoandikwa isubiri kwa muda maalumu husubiri muda tofauti inapoendeshwa ndani ya emuleta, yaani programu inayoiga mashine nyingine. Hoja kuu ni kwamba tatizo hilo halikuletwa na emuleta. Chanzo chake ni mazoea ya kuhesabu amri za kichakataji na kuzichukulia kuwa ndio muda wenyewe.

Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania ilifungwa katika Wizara ya Fedha, Dar es Salaam, mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, na marufuku hiyo ikaanza kulegezwa katika miaka ya 1980. Wakati huohuo, mwaka 1981, kampuni ya IBM ilitoa kompyuta ya mezani yenye kichakataji cha Intel 8088 cha kasi ya megahezi 4.77. Kwa hiyo, mashine za aina hiyo zilipoenea katika ofisi za katikati ya jiji, na baadaye katika maduka ya Kariakoo, tayari zilikuwa za vizazi kadhaa. Mpya na za mtumba ziliuzwa mtaa mmoja, kila moja na kasi yake.

Watunzi wa mwanzo walisubirisha programu kwa kitanzi kitupu. Amri ya LOOP katika 8088 hutumia mapigo 17 ya saa ya kichakataji kila inaporudiwa. Ikirudiwa mara 65,536, muda unaopita ni takribani sekunde 0.23. Kitanzi hichohicho katika IBM AT ya mwaka 1984, yenye kichakataji cha 80286, kilimalizika katika muda usiofika nusu ya huo.

Hali hii inaweza kueleweka kwa kurejelea saa ya Kiswahili. Saa moja asubuhi huhesabiwa kutoka mapambazuko, na hesabu hiyo inafaa Dar es Salaam kwa sababu jua la huko huchomoza karibu wakati uleule mwaka mzima. Ikipelekwa London, ambako wakati wa kuchomoza jua hutofautiana kwa saa kadhaa kati ya kiangazi na kipupwe, kipimo hicho kinapotea. Kitanzi cha ucheleweshaji nacho ni kipimo sahihi kilichofungwa mahali pake.

Suluhisho la awali lilikuwa kuipa programu uwezo wa kupima kasi ya mashine kabla ya kuanza kazi. Maktaba ya Crt ya Turbo Pascal ya kampuni ya Borland ilihesabu mizunguko ndani ya pigo moja la saa ya mfumo, kisha ikagawanya hesabu hiyo kwa 55, ambayo ni idadi ya milisekunde katika pigo hilo. Vichakataji vya kasi ya megahezi 200 hivi vilipoingia sokoni katika miaka ya 1990, jibu la mgawanyo lilizidi biti 16, na programu zikakatika kwa kosa namba 200 kabla ya kuanza. Kipimo kilikuwepo, lakini hakikutarajia mashine za kesho.

Emuleta ya DOSBox, iliyotolewa mwaka 2002, iliongeza ugumu wa aina nyingine. Hiyo huhesabu amri, si mapigo halisi. Ikipangiwa amri 3,000 kwa milisekunde, kitanzi kilichotajwa hapo juu humalizika kwa milisekunde 22 hivi, yaani chini ya sehemu moja ya kumi ya muda uliokusudiwa. Kupunguza kiwango hadi amri 280 hurekebisha kitanzi hicho pekee. Amri ya kuzidisha namba za biti 16, ambayo katika 8088 hutumia zaidi ya mapigo 100, bado huhesabiwa sawa na amri ya kujumlisha inayotumia mapigo matatu.

Kwa hiyo, marekebisho ya kudumu hufanywa katika programu yenyewe. Kipima muda cha IBM hutoa mapigo 18.2 kwa sekunde, na idadi yake hutunzwa katika kumbukumbu kwenye anwani 0040:006C. Programu isome idadi hiyo, kisha isubiri hadi tofauti itakiwayo ifikiwe, ikizingatia kwamba idadi hurudi sifuri usiku wa manane. Kwa muda mfupi zaidi, huduma ya 86h ya katizo la 15h, iliyokuja na AT, hupokea muda kwa mikrosekunde.

Umuhimu wa suala hili kwa Ilala ni wa haki katika upimaji. Mwanafunzi anayeandika programu ya taa za barabarani kwenye kompyuta ya mtumba ataiona taa nyekundu ikidumu inavyopaswa, ilhali mtahini mwenye mashine ya kasi zaidi ataiona ikipita kufumba na kufumbua. Mantiki ya programu haikubadilika, bali mashine ndiyo iliyobadilika. Pale ambapo vifaa havilingani, zoezi linalokubali kitanzi kitupu humpa kila mwanafunzi alama kulingana na uwezo wake wa kununua, na sharti la kutumia kipima muda huondoa tofauti hiyo.